Matanga ya Jenerali Aliye Hai

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Tukubaliane hilo mapema, msije mkanipigia makofi mahali nisipostahili.

Wiki iliyopita mliniacha katikati ya ukumbi wa ikulu, bakuli la kunde mkononi, mawaziri wote kimya kama wamemeza funguo, na mkono wa Jenerali Zumana Dembele uko kwenye mpini wa bastola. Nilikuwa nimetoka kumwambia mbele ya watu wake wote: "Kula, mtumwa wangu, kisha unipe mdogo wangu."

Basi mkono ule bado uko pale pale. Tuendelee.

Nani huyo mdogo wangu, atauliza aliyefungia samaki gazeti la wiki jana. Ni Koplo Seriba Jara. Alikuwa ndani ya mahabusu ya kambi, nyuma ya ikulu. Alhamisi wanawake wa soko kuu waliandamana wakigonga masufuria kwa miiko, kwa sababu soko lao linabomolewa ipatikane nafasi ya sanamu ya Jenerali akiwa juu ya farasi. Seriba akaamriwa apige risasi. Akaiweka bunduki chini. Hukumu: apigwe yeye, leo, baada ya sala ya alasiri.

Na mimi ni Nyankoro Jara, fundi cherehani wa ikulu. Lakini si sindano iliyonipitisha getini. Mimi ni Jara, yeye ni Dembele, na Jara na Dembele ni watani tangu babu za babu zetu. Mtani akikuita mtumwa, unacheka. Akikuita mla kunde mwenye upepo, unacheka zaidi. Akikuomba jambo kwa jina la utani, huwezi kumnyima. Na damu ya mtani haimwagwi, hata vitani. Hata ukiwa na nishani mpaka kitovuni.

Matumaini yangu yote yalikuwa ndani ya lile bakuli.

"Umesema na nani?" Jenerali akauliza.

"Na wewe, mtumwa wangu. Tumbo lako linanguruma mpaka cherehani yangu inaruka mshono. Kula."

Hakucheka.

"Nani kasema mimi ni Dembele?"

Nikacheka mimi. Peke yangu. Kicheko cha mtu mmoja ndani ya ukumbi mkubwa kinarudi kukusalimia, na sikupenda kilivyonisalimia.

Yagare, jeli wa ikulu, mama ambaye kazi yake ni kuimba nasaba za wakubwa, alinitazama kama mtu anavyotazama kuku aliyejipeleka mwenyewe jikoni.

"Nyankoro, asubuhi hukusikiliza redio?"

"Asubuhi nilikuwa napuliza moto wa kunde, mama."

"Basi ndiyo hivyo. Nimetangaza nasaba mpya. Imeonekana Mheshimiwa si Dembele. Babu yake wa kale alikuwa Keita, damu ya wafalme, akajificha kwa akina Dembele wakati wa vita. Tangu leo jina ni Keita." Akainamisha macho. "Dembele hayupo tena."

"Kaenda wapi?"

"Amekufa."

"Lini?"

"Asubuhi. Baada ya taarifa ya habari."

Hapo ndipo nilipoielewa njia nzima niliyopita. Vijana wa chai pale kona walinyanyuka: "Baba Nyankoro, unakwenda na hizo kunde? Leo?" Nikawapungia mkono, nikadhani wananitakia heri. Muuza mkate akanivuta shati. Nikamwambia asinicheleweshe, nitamletea shukrani nikirudi. Hata punda wa kuni alinitazama kwa huruma. Mji mzima ulijua, isipokuwa mimi na kunde zangu.

"Keita na Jara hawana utani," Jenerali akasema, polepole, kama anayemsomesha mtoto. "Kwa hiyo hapa hakuna mtani aliyetania. Kuna fundi cherehani aliyemtukana mkuu wa nchi."

Akaligusa bakuli kwa kidole. Likaanguka. Kunde zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya viatu vya Waziri wa Fedha.

"Okota."

Nikaokota. Niliwahi kuokota vibaya zaidi maishani mwangu, lakini si mbele ya watu wenye soksi safi namna ile.

Nikiwa chini pale, magoti yakiniuma, nikakumbuka siku aliyochukua nchi. Alikuwa kapteni tu, mwembamba, ana buti za kuazima. Rais wa zamani, yule wa suti na miwani, alikuwa uwanja wa ndege anapokea wageni. Aliporudi alikuta kiti kimekaliwa. Zumana alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kituo cha redio, amevaa koti la kaki limechanika kiwiko, na mimi nalishona akiwa amelivaa, maana hakuwa na jingine.

"Ukinichoma nakufunga," akaniambia.

"Nikikuchoma utatoa upepo wa kunde, nchi nzima ihamie ng'ambo ya mto."

Kumbe kipaza sauti kiko wazi. Nchi nzima ikasikia. Na nchi nzima ikamsikia akicheka, kicheko kile cha kupiga mapaja, mpaka uzi ukakatika. Nani atamwogopa mtu wa namna hiyo? Watu walitoka barabarani wakicheza. Alifungua magereza. Alikula ugali wa mtama sokoni kwa mkono wake. Jioni alikuja kukaa mbele ya duka langu, tunakunywa chai, ananitukana, namtukana, watoto wanajifunza.

Kisha nishani zikaanza. Kila mwaka nilitanua kifua cha koti zipate pa kukaa. Kisha hakuja tena dukani, nikawa naitwa. Kisha nikawa namtukana, yeye anatabasamu tu bila kurudisha. Mwishoni ikaamriwa nimtukane Ijumaa peke yake, na matusi yapitiwe kwanza na Wizara ya Habari. Wakalikata "upepo". Wakaniruhusu "mla kunde", bila kelele.

Mimi niliendelea kushona. Fundi anayetanua kifua cha mtu kila mwaka ni wa mwisho kuuliza ndani yake kunaingia nini.

"Imetosha," Jenerali akasema. "Mtoeni. Asimame uwanjani amwangalie mdogo wake. Na lile koti langu la kaki nililokupa ulitengeneze, lipeleke makumbusho. Wasomi wakaone nilikoanzia."

Koti lilikuwa ndani ya mfuko wa nguo niliobeba begani. Nilikuwa nimelileta siku ile ile, limeshapigwa pasi, nimrudishie tukishacheka.

Aliyenikamata kola ni Sajini Bugari. Mtu mkubwa kama mlango wa ghala, na yeye pia Jara. Alinitoa ukumbini kwa ukali wa kuonekana na watu, tulipofika nje akaniachia.

"Pole, kaka."

"Pole ya nini? Nenda ukazungumze naye, Bugari. Wewe ni mtu wa bunduki."

"Nikazungumze nini? Zamani ningemwambia, 'Ewe Dembele, mtani wangu, msamehe huyu mtoto.' Sasa nimwambie nani? Dembele ameshakufa, bwana."

Nikasimama.

"Rudia."

"Dembele ameshakufa. Redio imesema."

"Amekufa kweli kweli?"

"Sasa unataka nikuonyeshe kaburi?"

"Bugari. Dembele akifa, kazi ya Jara ni ipi?"

Nikaona jibu likimfikia machoni, na jasho likilifuata nyuma.

Kwetu mtu akifa, watani wake ndio wanaochangamsha matanga. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anagombeza wajane, anaamuru chakula. Na wenye msiba wanamtii, maana kwa saa ile yeye ndiye marehemu. Haachi mpaka wafiwa wamwombe basi na kumpa kuku.

"Usifanye, Nyankoro."

"Mimi simfanyii Keita chochote. Keita simjui, sijawahi kumpima hata suruali. Namzika mtani wangu."

"Atakuua!"

"Na Seriba je, wanampeleka harusini?"

Akanigeuzia mgongo, akatazama ukuta. Ndiyo ruhusa pekee ambayo sajini anaweza kumpa mtu.

Nikalivaa koti.

Uwanja wa kambi ulikuwa umejaa askari wanatawadha. Kikosi cha kupiga risasi kilikuwa kando, bunduki zimeegemezwa ukutani, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwadhini akaanza kuadhini alasiri. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya mlango ule wa bluu, na baada ya sala ile hapakuwa na kingine.

Nikatoka na kisigino kwanza, vidole vimepanuka nje kama bata, hivi anavyotembea Jenerali. Nikafika katikati. Nikajivuta sikio la kushoto kama yeye. Nikakohoa kile kikohozi chake cha kufungua hotuba.

"Nani kasema mtasali kabla hamjanisalimu?"

Birika moja likaanguka.

"Wewe! Kwa nini miguu yako imelowa? Nchi inakaukiwa, wewe unaosha vidole! Na yule mbuzi pale mpeni nishani. Ndiye peke yake aliyekaa kimya wakati wa hotuba yangu."

Askari mmoja mwembamba akajikaza, akajikaza, pua ikamsaliti. Kicheko kikamtoka kama kizibo. Wa pili akadaka. Halafu uwanja mzima ukaenda. Watu wakishika mbavu, wakishikana mabega, mmoja kaketi kwenye beseni lake la maji. Tangu Alhamisi hawakuwa wamecheka wale. Nadhani hawakuwa wamepumua.

"Dembele wetu!" mzee mmoja wa jikoni akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Jamani, ndiye yeye! Ndiye yule yule wa zamani!"

"Ndiye mimi," nikasema. "Nimekufa asubuhi, nimerudi kuangalia mnavyokula mali yangu. Nani mwenye ufunguo wa ule mlango wa bluu?"

Kicheko kikashuka.

"Mimi, Mhe... mimi, baba."

"Mfungulie Koplo Seriba."

Sasa hakucheka mtu. Mwenye ufunguo akamtazama Sajini Bugari, aliyekuwa amefika nyuma yangu. Bugari alikuwa amebana mikono ubavuni, kifua mbele, uso wa mawe. Kidevu tu ndicho kilikuwa kinacheza.

"Umesikia agizo la marehemu," akasema. "Unataka akusumbue usingizini?"

Ufunguo ukazunguka.

Seriba alitoka mikono imefungwa, anapepesa macho kwa jua. Akanitazama kutoka kola hadi pindo.

"Kaka," akasema, "hilo koti limekubana."

Nilitaka kumkumbatia. Sikuwahi. Risasi ililia.

Jenerali alikuwa juu ya ngazi za nyuma, ndani ya sare nyeupe mpya yenye nyuzi za dhahabu niliyoishona mwenyewe kwa ajili ya ufalme wake. Bastola inaelekea mbinguni, inafuka moshi. Alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe ikitokea uwanjani wakati mdomo wake umefungwa, akaja kuangalia.

"Wote wawili ukutani! Fundi na mdogo wake! Sajini, wapige!"

Bugari akapiga saluti. Saluti nzuri sana, ya kitabuni.

"Agizo la nani, Mheshimiwa?"

"Langu! Una wazimu? La Jenerali Keita!"

"Kikosi hiki kiliapa kwa Jenerali Dembele, Mheshimiwa. Na huyo, kama unavyoona, tupo kwenye matanga yake."

"Huyo koplo ni msaliti! Alikataa kupiga wahuni wa soko!"

"Mbele ya mtutu wangu alisimama mama yako," Seriba akasema.

Hakupaza sauti. Lakini nilimwona askari mmoja akigeuka, kisha mwingine. Waliokuwa safu za nyuma Alhamisi hawakumwona aliyeongoza wale wanawake.

"Nilidhani utanishukuru," Seriba akamalizia.

Sikuona nani alianza. Bunduki zilizoegemezwa ukutani hazikuwa ukutani tena. Na mitutu yake haikuelekea kwetu. Ilipanda ngazi taratibu, daraja moja baada ya jingine, mpaka kwenye nyuzi zangu za dhahabu.

Bastola ya Jenerali ikashuka. Akateremka ngazi ya kwanza. Ya pili. Uso umekuwa rangi ya majivu.

"Bugari," akasema. Sauti ilikuwa ya kapteni mwembamba wa buti za kuazima. "Wewe ni Jara. Nyankoro, wewe ni Jara. Damu ya Dembele kwenu ni haramu. Mnajua!"

"Nani Dembele hapa?" nikamuuliza.

"Mimi! Mimi ni Dembele!"

"Ee? Tangu lini?"

"Mimi ni Dembele, mla kunde, mtumwa wako! Nyankoro, nitukane! Nitukane hapa hapa, wasikie wote!"

Jamani. Miaka yote ile alinikatia matusi kwa mkasi wa Wizara, leo anayaomba kama mgonjwa anavyoomba maji. Na nitawaambia ukweli: ulimi uliniwasha. Tusi moja tu, hata lile la upepo, na hakuna Jara katika uwanja ule ambaye angeweza kumgusa. Nilimwona ameketi kwenye ngazi za redio, kiwiko kimechanika. Nikafungua mdomo.

Ndipo tukasikia miiko.

Walikuwa wamefika getini, wanawake wa soko kuu, wanagonga masufuria, si kwa hasira ya Alhamisi. Waligonga polepole, kimsiba. Walinzi wakafungua bila kuambiwa. Mbele yao alikuwa Mama Nyeba, muuza mafuta ya karite, kitambaa cheupe kichwani, mwiko mkononi. Mwanawe alipopata nchi alimjengea nyumba ya ghorofa. Alilala humo usiku mmoja akarudi sokoni, akasema kule juu haisikiki bei.

Jenerali alimkimbilia. Alishuka ngazi zilizobaki mbili mbili, akapita katikati ya mitutu kama haioni, akamshika mama yake mikono yote miwili pamoja na mwiko.

"Mama! Waambie. Waambie hawa mimi ni nani!"

Bugari hakuangalia kwingine ila kinywa cha yule bibi. Sisi sote tulijua: neno lake likiwa Dembele, amepona, na mimi na mdogo wangu tumerudi mikononi mwa mtu ambaye kesho atatangaza redioni tena.

Mama Nyeba alijitoa mikono. Alimtazama Seriba, zile kamba. Akanijia mimi nilivyo ndani ya lile koti la kaki, akaninyoosha kola, akapapasa kiwiko mahali niliposhona siku ile, kidole kikakaa juu ya mshono. Kisha akageuka.

"Haya mama, sema!" Jenerali akalia. "Mimi si mwanao? Hukunizaa wewe? Kuna kubishana hapo?"

"Mimi nilimzaa Dembele," akasema, "na asubuhi redio imenipa habari amekufa, ndiyo maana nimekuja kumlilia. Wewe Keita, kamwite mama yako."